Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): stakabadhi ya kifurushi itaje kilichomo, uzito na thamani yake

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Kariakoo. Mimi ni mfanyabiashara wa simu na kompyuta mpakato, upande wa mitaa ya Aggrey na Likoma, na karibu kila jioni mzigo wangu unapanda basi kwenda mkoani. Nakuandikia kuhusu kile kikaratasi tunachopewa dirishani tunapokabidhi vifurushi vyetu. Naamini wizi mwingi unatengenezewa njia pale, kabla dereva hajawasha gari.

Mteja wa Songea, Kigoma au Mwanza anaiona simu mtandaoni, anatuma pesa, nami nafunga boksi na kulipeleka ofisi ya basi. Karani anaandika jina la mpokeaji, namba yake ya simu, neno moja kama "boksi" au "vifaa", na kiasi nilicholipa. Chini kabisa, kwa maandishi ya kukodolea macho, pameandikwa kwamba mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenyewe na kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu. Kuanzia hapo boksi linapita mikononi mwa watu wengi: mtu wa toroli au bajaji hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, utingo anayepanga buti, pengine basi la pili likibadilishwa njiani, wakala wa stendi ya mwisho, kisha kijana wa bodaboda. Katika kukabidhiana kote huko hakuna anayemsainia mwenzake. Likipotea, kila mmoja anaapa kwamba alilipokea hivyo hivyo na akalitoa hivyo hivyo, na mimi sina cha kumbishia.

Yalinikuta. Nilituma boksi la simu nane kwa mteja wangu wa Makoroboi, Mwanza, mama ninayemheshimu kwa uaminifu wake. Alilipokea stendi, seloteipu ikiwa imebandikwa vizuri tu, akaomba alifungue mbele ya wakala. Akajibiwa kwamba asaini kwanza, afungulie nje, kuna foleni. Akasaini. Nje akakuta miche ya sabuni imezungushiwa gazeti. Aliporudi dirishani, jibu lilikuwa fupi: umeshasaini, umepokea. Mimi huku Dar nilienda ofisini kwao, nikazungushwa kutoka kwa karani hadi kwa msimamizi, na mwisho nikaambiwa wanaweza kunirudishia nauli ya mzigo kwa ubinadamu tu. Fedha za mama yule nilimrudishia mimi, maana ndiye mteja wangu na hakuwa na kosa lolote. Jina la kampuni silitaji hapa. Mezani kwako naleta utaratibu uliowezesha jambo hili, kwa kuwa wenzangu wa nguo za harusi, vipuri vya magari, dawa za mifugo na vioo vya kompyuta wanasimulia hadithi hiyo hiyo wakiwa wametumia kampuni tofauti.

Chukulia uzito. Ofisi nyingi za vifurushi zina mizani, na boksi langu lilipimwa. Lakini uzito ule ulitumika kunitoza tu, haukuandikwa popote. Kama stakabadhi ingesema kilo na gramu, na wakala wa Mwanza angelazimika kulipima tena kabla ya kulitoa, aliyebadilisha simu kwa sabuni angehitaji bahati kubwa sana kupata uzito ule ule. Tena kama lingepimwa kila linapobadilisha mikono, tungejua lilichezewa kati ya nani na nani. Kinachotakiwa ni kalamu na mstari mmoja zaidi kwenye karatasi, na ni kinga bora kuliko kufuli lolote.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo linaniuma. Sisi watumaji tumezoea kudanganya. Simu tunaziita "nguo". Kompyuta tunaiweka ndani ya boksi la jiko la umeme, tunaisokotea mitumba, wengine wanaizamisha kwenye mfuko wa unga. Tunafanya hivyo kwa sababu ukitaja simu dirishani, karani analiandika neno hilo kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi, na kila anayeligusa njiani anajua kilichomo. Hapo mtumaji anabanwa pande zote: akisema ukweli anamwonyesha mwizi mlango, akificha anapoteza haki ya kudai, kwani kwenye karatasi zake zilikuwa nguo. Na madhara yapo kwa wengine pia. Betri za simu na kompyuta zinaweza kushika moto zikibanwa au kutobolewa, na utingo anayedhani anapakia nguo atazirundikia gunia la viazi bila wasiwasi, huku abiria wamelala juu yake.

Dawa yake ni nyepesi. Kilichomo kiandikwe kwenye daftari au kwenye mfumo na kwenye stakabadhi ya mtumaji. Juu ya boksi ibandikwe namba tu, na kama ni kitu cha kuvunjika au chenye betri, alama ya kuonya. Mpakiaji hahitaji kujua zaidi ya hapo.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka yako imekuwa ikiwakumbusha wenye mabasi kwamba kubeba vifurushi na vipeto kwa malipo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Ila kwa mtu wa hali yangu, leseni iliyotundikwa ukutani haina msaada kama karatasi ninayopewa mkononi bado inasema "kwa hatari ya mwenyewe". Sheria ya Mikataba, sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu makini ambavyo angetunza mali yake. Yale maandishi madogo yanatumika kuukwepa wajibu huo, na yanafanya kazi kwa sababu mtumaji wa kawaida anayaamini. Anasoma, anakata tamaa, anarudi nyumbani. Wengi hawafiki hata hatua ya kwanza ya kulalamika kwa mtoa huduma, sembuse kufika kwenu.

Anayepeleka mzigo kwa ndege nje ya nchi hayuko gizani hivi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imo, unaweka kiwango cha fidia kwa kila kilo, kwa fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa iitwayo SDR. Tangu mwisho wa mwaka 2024 kiwango hicho ni SDR 26 kwa kilo. Mwenye mali ya thamani zaidi anaruhusiwa kuitaja thamani hiyo wakati wa kukabidhi na kulipa nyongeza, na hapo ndipo fidia inapanda. Anajua pia kwamba mzigo ukiharibika ana siku 14 tangu aupokee za kuandika malalamiko. Sisemi basi la Songea lifuate mkataba wa ndege. Nasema tu kwamba hata mwenye mzigo mdogo wa ndani ya nchi anastahili kujua mambo matatu kabla ya kulipa: atafidiwa kiasi gani, akitaka zaidi alipe nini, na ana siku ngapi za kudai.

Huku ardhini nako tumeshaona mabadiliko yakiwezekana. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, waliposimamia tiketi mtandao, wapo waliosema haitawezekana kwa mabasi yetu. Leo abiria ana tiketi yenye jina lake na kiti chake. Boksi la mamilioni, lililo ndani ya basi lile lile, bado linasafiri kwa kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono. Ninyi wawili mkikaa meza moja, mfumo unaomkatia abiria tiketi unaweza kuongezewa sehemu ya kifurushi, na kila anayekipokea akabonyeza kwamba kimefika kwake.

Nitaulizwa kwa nini nisitumie Posta. Naitumia. Kifurushi cha EMS, huduma yao ya haraka, kina namba yake yenye herufi na tarakimu, jumla 13, na ukiiingiza unaona kilipo. Kwa mzigo wa nje ya nchi sina mbadala wake. Lakini basi linaondoka kila jioni, na asubuhi liko mahali ambapo mteja wangu anafika kwa miguu. Vijiji na miji midogo mingi inaishi kwa mabuti ya mabasi haya. Ndiyo maana sitaki yafungiwe, wala sitaki masharti yawe mazito kiasi kwamba wenye mabasi wafunge ofisi zao za vifurushi. Wakifanya hivyo tutarudi kumpa kondakta mkononi na elfu mbili ya soda, na hapo hata kile kikaratasi hatutakuwa nacho.

Kuhusu bima, watu wengi wanadhani stika ya bima kwenye kioo cha basi inalinda na mizigo. Bima ile ya lazima ni kwa ajili ya watu wanaoumia au kufa katika ajali. Boksi langu halimo. Ipo bima ya mizigo safarini, lakini kampuni za bima zinaiuza kwa wenye makontena na malori, si kwa mtu mwenye simu tatu. Mkiongea na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mwenye basi anaweza kukata bima moja kwa vifurushi vyote vya safari, nasi tukachangia kidogo kidogo kwenye nauli kulingana na thamani tuliyoitaja. Mimi ningelipa, na najua wenzangu wangelipa, kwa kuwa sasa hivi tunalipa hasara nzima.

Liko jambo moja ambalo lipo mikononi mwako kabisa. Tarehe 17 Juni 2016 Mamlaka yako ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia IMEI, yaani namba tambulishi ya kila simu, na rajisi ya namba hizo ndiyo inayofunga simu zilizoibwa hadi leo. Kila simu ninayouza ina namba hiyo. Ukibonyeza *#06# unaiona, na kwenye boksi imeandikwa. Mimi siku hizi naziandika zote kabla sijafunga, napiga picha na video ya kufunga, nasaini juu ya seloteipu. Lakini boksi likiibwa njiani, nani anaripoti? Mteja hajawahi kuzishika simu zile, wala hazina laini yake. Mimi nimeshazitoa mkononi. Kituo cha polisi cha huku kinaniambia wizi umetokea kule, cha kule kinamwambia mteja mali si yake. Nikifanikiwa kupata RB, ile namba ya taarifa ya polisi, simu zinakuwa zimeshauzwa. Kama stakabadhi yenye orodha ya IMEI ingetambuliwa kuwa ushahidi tosha, mtumaji akaweza kuombea zifungwe siku ile ile, simu ya kuchomoa kwenye buti isingekuwa na soko. Sidhani kuna kinga ambayo ingeishinda hiyo, na haihitaji sheria mpya.

Ninachoomba, basi, ni kwamba sharti la leseni ya vifurushi liwe pamoja na stakabadhi ya namna moja nchi nzima: kilichomo, uzito, thamani iliyotajwa, kiwango cha fidia, muda wa kudai, na namba ya kupiga kwenu usiposikilizwa. Maneno ya "kwa hatari ya mwenyewe" yapigwe marufuku juu yake. Mpokeaji apewe haki ya kupima na kufungua mbele ya wakala kabla ya kusaini, hata kama foleni ipo. Na kabla hamjaandika kanuni, tuiteni na sisi pamoja na wenye mabasi na mawakala wa stendi, kwani wao nao wanabebeshwa lawama za mizigo waliyoikuta imeshachezewa.

Stakabadhi zetu za miaka hii tumezihifadhi, pamoja na picha, namba za IMEI na barua za madai zisizojibiwa. Mkitaja siku, tutazileta.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa simu, Kariakoo, Dar es Salaam

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, LATRA; Kamishna wa Bima, TIRA