Muulize Maji Yanajaa Saa Ngapi

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mamako limetulia tangu upepo wa kusi ulipopungua, na ami yako amerudi salama kutoka Kiunga. Zile pesa ulizotuma za paa zimefanya kazi yake. Mvua ya juzi hatukutega hata sufuria moja.

Uliponipigia Ijumaa ukaniambia unagombea kiti cha wakili mwanamke katika Tume ya Huduma za Mahakama ya Kenya, ile inayohoji na kupendekeza majaji, nilisema "inshallah kheri" nikanyamaza, nawe ukadhani sikufurahi. Nilifurahi hadi sikulala. Ila yapo maneno ambayo hayasemeki kwenye simu, hasa simu za hapa zinazokatika mtu anapofika penye neno lenyewe. Ndiyo maana naandika. Kijana wa dukani atazipiga picha kurasa hizi akutumie.

Wewe umeisoma sheria, tena umeifanyia kazi zaidi ya ile miaka 15 ambayo Katiba inamtaka wakili awe nayo kabla ya kukalia kiti hicho. Mimi sikuisoma. Nilikaa kando yake tu, miaka 31, karani na mkalimani wa mahakama. Nilianza 1981, ngome yetu ikiwa bado ni jela, mahabusu wakiletwa kwa hakimu kwa miguu na watoto wakiwafuata nyuma. Jela ile ilifungwa 1984. Mahakimu nao walikuja wakaenda. Wengine walikaa miaka, wengine hawakumaliza hata msimu mmoja, kwa kuwa Lamu ya wakati ule ilihesabiwa ni mahali pa kutupwa mtu aliyewaudhi wakubwa.

Kazi yangu ilikuwa kulichukua neno la mtu wa Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, nilitie katika Kiingereza, kisha nilichukue la hakimu nimrudishie mwenyewe. Watu hudhani ni kazi nyepesi. Shahidi akisema jambo lilitokea wakati wa maleleji, hakimu hutaka tarehe. Shahidi hana tarehe, ana upepo. Anajua kaskazi ilikuwa imekwisha na kusi haijashika, na kwake hilo ni jawabu kamili. Nimewaona mahakimu wakiandika kwamba shahidi anakwepa swali, nami nimesimama palepale, najua hakukwepa, na kazi yangu si kusema ninachojua.

Sasa nikupe kisa ambacho sijapata kukusimulia, wala mamako hakijui chote.

Kulikuwa na mama mmoja wa Faza, mjane, mwenye kesi ya mpaka wa shamba la minazi. Safari ya Faza unaijua. Mashua hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, na Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa. Yakitoka, chombo hukaa juu ya matope katikati ya mikoko mpaka bahari itakaporudi kwa hiari yake. Kesi ziliitwa saa tatu asubuhi, na siku nyingine saa hiyo ndiyo maji yako nje kabisa. Mara sita mama yule alikuja akaambiwa kesi imeahirishwa: hakimu amekwenda semina, wakili wa upande wa pili anaumwa, faili halionekani. Kila mara amelipa nauli ya kuja na ya kurudi, amelala kwa watu. Mara ya saba mashua ilikwama Mkanda. Saa tatu nikatumwa nje kumwita. Nikaliita jina lake mara tatu, kama ilivyo ada, nikarudi ndani nikasema hayupo. Kesi ikatupwa.

Alifika saa saba mchana, upindo wa buibui umeloa matope, karatasi zake amezifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi ndiye niliyemweleza. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Lakini uliniita kwa sauti?" Nikamwambia niliita. Akasema, "Basi sikusikia, nilikuwa baharini."

Mwanangu, hakimu yule hakuwa mtu mwovu. Hakupokea hongo, Kiingereza chake kilikuwa safi, sheria alikuwa nayo kichwani. Tume yoyote ingempiga msasa angepita.

Miaka michache baadaye akaja mwingine, kijana wa bara, hajui kuogelea, akipanda mashua hushika ubao kwa mikono miwili. Siku ya kwanza ya kupanga tarehe za kesi aligeuka akaniuliza: "Karani, hawa wanaotoka Pate, tarehe hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia. Akaandika saa nane mchana. Tangu siku hiyo kesi za visiwani alizipanga kwa maji, akijua bamvua, maji makubwa, ni lini na maji mafu, yale madogo, ni lini, na mwenye kesi akichelewa alitaka kwanza ajue chombo kiko wapi. Hakuna sheria iliyomwagiza hivyo. Watu wakaanza kuja mahakamani bila kuaga nyumbani kama wanaokwenda msibani, na kesi zikaanza kuisha.

Ukiingia katika tume hiyo, na mtu akaketi mbele yako anataka ujaji, namtaka huyo wa pili. Namna ya kumtambua ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ninayokuandikia.

Hapa Mkunguni, uwanjani mbele ya ngome, wazee wameniuliza, "Sasa sisi tutampigia kura lini?" Ikabidi niwaeleze kwamba hawatampigia. Tume ina watu 11, Jaji Mkuu akiwa mwenyekiti, na kati yao mawakili ni wawili, mwanamke na mwanamume, wanaochaguliwa na mawakili wenzao wa LSK, chama chao cha wanasheria. Wananchi wa kawaida wana wawakilishi wawili wasio wanasheria, na hao huteuliwa na rais, Bunge likaidhinisha. Wazee wakanyamaza kidogo. Mmoja akasema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Sikuwa na jawabu la kumpa, na methali ile nimetembea nayo wiki nzima.

Nikakumbuka ule mwaka wako wa Boston, uliponisimulia kwamba jimbo lile la Massachusetts lina baraza la watu wanane, kila mmoja na eneo lake, wanaochaguliwa na raia kila baada ya miaka miwili. Gavana akimpendekeza mtu awe jaji, baraza humhoji na kumpigia kura kabla hajaapishwa. Ulistaajabu kwamba mvuvi wa kule, kama yupo, ana kura katika jambo hilo. Ulisema pia kwamba majirani zako wengi wakifika kwenye nafasi hiyo katika karatasi ya kura hawajui baraza lenyewe ni la kazi gani. Kwa hiyo sisemi wao wamepatia na sisi tumekosea. Nasema wewe utachaguliwa na watu wasiosimama kizimbani, ukawahudumie wanaosimama. Mawakili watakuuliza utawafanyia nini mawakili. Uwajibu, wana haki yao. Lakini mama wa Faza hatakuuliza kitu, kwa sababu hajui kwamba unagombea.

Hili la sasa si dogo, wala sitaki ulidharau. Mimi nimeijua tume ya zamani, kabla ya Katiba ya 2010: watu watano, wote wateule wa rais, wakikutana milango imefungwa. Sisi makarani tulilisikia jina la jaji mpya redioni, kama tunavyosikia habari za kifo. Aprili 2021 nikakaa hapa sebuleni nikawatazama kwenye televisheni wale waliotaka kuwa Jaji Mkuu wakihojiwa mmoja mmoja, nchi nzima inaona, mpaka Martha Koome akapendekezwa. Mamako alinipikia, chakula kikapoa. Maswali yalikuwa marefu na ya kisomi mno, lakini mlango ulikuwa wazi.

Na ujue kwamba tume ikimaliza kazi yake vizuri bado inaweza kuzuiwa. Orodha ya majaji ya 2019 ilikaa Ikulu karibu miaka miwili. Juni 2021 rais akawateua 34 na kuwaacha sita, miongoni mwao George Odunga na Joel Ngugi, na hao sita hawakuapishwa mpaka Septemba 2022, baada ya rais kubadilika. Miaka yote hiyo mafaili yaliendelea kurundikana, na kila faili lina mtu. Ukiwa mle, siku tume itakapowekwa katika hali kama ile, sitaki nisikie umenyamaza.

Unaweza kusema, "Baba, wewe watazama mahakama ndogo za hakimu, mimi naenda kuhoji majaji." Ni mlango mmoja. Mahakimu pia huajiriwa na tume hiyohiyo, na malalamiko dhidi yao huishia hapo. Halafu tazama kesi ya bandari ya Lamu. Wavuvi wetu walikwenda mahakamani 2012, wakangoja miaka sita, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema mradi ule ulianzwa bila wao kushirikishwa, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Kulipwa kwenyewe ni habari nyingine. Ila siku ile nilimwona mzee wa nyavu, mtu niliyemfasiria kortini mara nyingi akiwa mshtakiwa, akitembea Mkunguni kifua mbele kwa sababu jaji ameandika kwamba bahari aliyoirithi ni haki yake. Jaji akiingia kazini na miaka 45, atakaa mpaka 70 akitaka. Utakuwa umewapa watu jambo la miaka 25.

Na makadhi nao, usiwasahau, maana hao pia hupitia kwenu. Kwenye baraza yetu hapa mtaani yupo aliyeguna kwamba mwanamke atamhojije kadhi. Nilimwambia akae siku moja nje ya mahakama ya kadhi ahesabu wanaoingia. Wenye matumizi yasiyolipwa, wenye mirathi iliyokaliwa, walioachwa bila talaka kuandikwa, ni wanawake. Hakurudia neno lile.

Sasa hizo kampeni. Nimeziona picha zako na fulana, sawa. Lakini nakuomba kama baba: usipokee pesa za kampuni ya mawakili yenye kesi kubwa, hata wakiziita mchango, hata wakizipitishia kwa rafiki. Ukishakula chakula cha mtu huwezi kumwambia mgombea wake kwamba hafai. Nakutumia shilingi 40,000 kutoka kwenye kiinua mgongo changu. Najua ni za mafuta ya gari tu. Zitumie wewe kwanza, za watu ziache mwisho, na zile za mwisho ikiwezekana zisifike. Ukishindwa kwa kukosa pesa, rudi ofisini kwako, mimi sitakuwa na huzuni hata chembe.

Ukishinda, hivi ndivyo nitakavyo uwahoji. Mtu akija na shahada zake, zipokee, zisome, ziweke kando. Mwambie akueleze kituo cha mbali zaidi alichofanyia kazi na watu walifikaje mahakamani pale. Kama hajui walifikaje, umeshapata jawabu lako. Muulize kesi aliyoiahirisha mara nyingi kuliko zote, na nani alilipa nauli. Muulize mara ya mwisho alipogundua hakumwelewa shahidi, na alifanya nini. Atakayesema hajawahi kutomwelewa shahidi, mimi niliyekuwa katikati ya ndimi mbili miaka 31 nakuambia huyo hasikilizi. Na mtu atokaye mahali kusikokuwa na bahari muulize pia, kwa maana kila mahali pana maji yake: Turkana pana jua na umbali, Tana pana mto unaofurika.

Jina la mama yule ninalo. Sitaliandika hapa, ni lake. Mwanawe wa kiume yuko Faza bado, na shamba lile limeshajengwa nyumba za watu wengine. Nilikwenda kumtembelea mama mara moja kabla hajafa, nikiwa nimestaafu, tukanywa kahawa, hakuitaja kesi na mimi sikuitaja.

Uliniambia utazunguka nchi nzima kuonana na mawakili. Lamu mawakili ni wa kuhesabu kwa vidole, utawamaliza asubuhi moja. Usikimbilie ndege siku hiyohiyo. Bakia, nikupeleke Faza ukakae na watu wasio na kura. Tutachukua mashua ya abiria, si ile boti ya kasi. Nitumie tarehe mapema, nikutazamie maji.

Babako