Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi, Kuhusu Njia za Kwenda Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wadogo zetu mnaobaki, shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ahsante kwa kuitikia wito wetu. Tuliposikia kwamba mgeni wetu ni mtaalamu wa mipango miji, tulikubaliana risala hii tuitumie kusema jambo moja tu: njia tunayopita kila asubuhi.

Wengi wetu tunakuja kwa miguu kutoka kituo cha daladala. Njia ya waenda kwa miguu inaanza vizuri, imetandikwa vitofali, halafu inakatikia kwenye mtaro usio na mfuniko. Hapo kila mwanafunzi hushuka barabarani, akaipa bodaboda mgongo, akatembea hatua kama arobaini ndipo apande tena. Masika yakiingia, hatua hizo arobaini zinakuwa dimbwi, na ukipishana na gari unafika darasani sare imejaa tope. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu hapiti pale bila kubebwa na watu wawili. Mwaka jana mdogo wetu wa kidato cha kwanza aligongwa na pikipiki papo hapo, akavunjika mguu. Tunamshukuru Mungu, amepona na leo yupo nasi.

Jiji letu la Dar es Salaam linaiweza kazi hii. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilikwisha kupata njia za miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini sisi tunaopita kule tunaona yanayofuata baada ya ujenzi. Foleni ikizidi, pikipiki zinapanda juu ya njia za miguu. Magari yanaegeshwa hapo, na meza za biashara zinasogea hadi katikati. Hatuombi wafanyabiashara wafukuzwe, kwa kuwa wengine ni mama zetu, na sare na madaftari yetu yametoka kwenye meza hizo. Tunaomba mchoro uwatengee nafasi yao tangu mwanzo, na nguzo fupi zisimikwe kuzuia pikipiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zipo shule za msingi humu jijini ambako Amend, shirika la usalama barabarani, limejenga njia za miguu, matuta na vivuko vya pundamilia, na kwingine hata geti likahamishwa ili watoto wasitokezee moja kwa moja barabarani. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo Ross. Tuta linamlazimu dereva apunguze mwendo, na mtoto akigongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko akigongwa kwa kilomita 50.

Tunafahamu pia kwamba mpango wa Bonde la Msimbazi una bustani ya jiji pale Jangwani, mahali tulipozoea kuona mafuriko. Habari hiyo imetufurahisha sana. Ombi letu ni kwamba njia za kutembea na za baiskeli zisiishie ndani ya bustani, bali zifuate mto na kuingia mitaani hadi kwenye mageti ya shule, zikiwa na miti ya kivuli. Jua la saa nane mchana tunalijua vizuri. Wapo wenzetu wenye baiskeli nyumbani ambao wazazi wamewakataza kuja nazo, na hatuwezi kuwalaumu wazazi hao.

Mwisho, tunakuomba uje siku moja ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ushukie kituoni na utembee nasi hadi getini, pamoja na wanaochora barabara zetu. Sisi tutakuwa tumeshamaliza, lakini Januari wadogo zetu wa kidato cha kwanza wataripoti, na njia yao ni hiyo hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.