Injini za gesi kwenye vivuko zipimwe zikiwa na mzigo mdogo

Mhariri,

Tangu gesi ya Songo Songo ifike Dar es Salaam mwaka 2004 tumezoea kuiita nishati safi, na wapo wanaotaka hata vivuko viachane na dizeli. Moshi mweusi utapungua, hilo halina ubishi. Lakini ipo methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, inayopita kwenye injini bila kuungua, na haionekani kwa macho.

Tuhesabu. Kilo 100 za gesi zikiungua zote hutoa kilo 275 za hewa ukaa. Dizeli ya nishati hiyohiyo hutoa karibu 370. Kanuni za Umoja wa Ulaya hukadiria kwamba injini ya mipigo minne inayotumia gesi pamoja na dizeli hupitisha asilimia 3.1 ya gesi ikiwa mbichi. Zikipita kilo 3 tu, na nguvu ya methani ya kupasha dunia joto ikihesabiwa mara 28 ya hewa ukaa kwa miaka 100, unafuu wa gesi unabaki kilo 19 hivi. Kwa miaka 20, ambapo ni zaidi ya mara 80, gesi inavuka kilo 500. Dizeli ina nafuu!

Methani hiyo hupitia wapi? Pistoni ikipanda, hubana mchanganyiko wa gesi na hewa ndani ya mwanya mwembamba juu ya ringi ya kwanza, kwenye chuma kisicho na joto la kutosha. Moto haufiki huko. Mzigo wa injini, yaani kazi inayofanya ikilinganishwa na uwezo wake wote, ukipungua, hewa inazidi gesi, mwako unalegea, na kinachopotea kinaongezeka.

Sasa tazama kivuko cha safari fupi kama ya Magogoni na Kigamboni: dakika chache majini, kisha gatini injini inanguruma taratibu magari yakipanda na kushuka. Hapo ndipo methani hupotea zaidi. Na katika vipimo vya kiwandani, wastani ukikokotolewa mzigo wa asilimia 75 hupewa uzito wa 0.5, ule wa asilimia 25 hupewa 0.15 tu, kwa hiyo wastani unaficha ubaya.

Anayenunua adai takwimu za kila mzigo, kuanzia asilimia 10, tena ekzosi ipimwe upya chombo kikishaanza kazi. Injini ndogo kadhaa ni bora kuliko moja kubwa: moja ikizimwa, zilizobaki hufanya kazi juu ya asilimia 50. Gatini, taa na pampu ziendeshwe kwa betri.

Fundi wa injini za meli,
Kurasini, Dar es Salaam