Wekundu ule si moto, na fuvu lile si ubongo

Ndugu mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu niko kazini na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, mlivyokosea jina la mtaa wetu mara mbili nilinyamaza, safari hii siwezi. Ile habari yenu ya ukurasa wa afya, iliyosema ubongo unawaka moto baada ya kiharusi kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia, imeingia nyumbani kwetu na imetuumiza.

Naanza na picha maana picha ndo ilikuwa kazi yangu. Nimepiga eksirei miaka 31 hapa hapa Tanga, tangu enzi za filamu na chumba cha giza. Habari inaeleza kipimo cha PET cha kuonyesha seli za kinga ndani ya ubongo, nyie mkaweka eksirei ya fuvu mkaipaka wekundu! Eksirei ya fuvu inaonyesha mfupa, ubongo wenyewe hauonekani humo. Na wekundu wa PET nao si moto. Mgonjwa anachomwa dawa yenye mionzi kidogo, ile ya kaboni-11 nguvu yake inapungua nusu kila dakika 20, ndo maana inatengenezwa jirani kabisa na mashine. Dawa hiyo inanata kwenye protini inaitwa TSPO, ambayo inaongezeka kwenye maikroglia zikishtuka, yaani wale askari wanaoishi humo humo kwenye ubongo. Kompyuta inapaka rangi pale iliponata nyingi, ukitaka kijani inapaka kijani. Na protini hiyo ipo pia kwenye seli za kinga zinazoingia kutoka kwenye damu na hata kwenye kuta za mishipa, kwa hiyo picha inasema tu hapa pana purukushani, nani anabomoa na nani anazoa kifusi haisemi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Dada yangu yuko Makorora, ana sukari na presha. Siku hiyo kaswali alfajiri vizuri, saa kumi na mbili anamimina chai birika likamponyoka, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Majirani wakasema upepo huo, mwacheni apumzike. Mpwa wangu, kijana msomi na anampenda mama yake kuliko kitu chochote, akafungua simu akatoa habari yenu. Akasoma kwa sauti kwamba kinga ndo inakula ubongo, basi akaona dawa ni kuishusha hiyo kinga, akakimbia duka la dawa akauziwa vidonge vya deksa bila swali wala cheti, akarudi akamnywesha mama yake kwa chai, mtu ambaye nusu ya koo halifanyi kazi! Akapaliwa mpaka macho yakatoka. Wakamlaza, wakamkanda kichwa kwa maji baridi wazime huo moto wenu. Mi napigiwa simu saa tano na nusu, tunafika hospitali saa saba kasoro, daktari anauliza ilianza saa ngapi kila mtu anataja saa yake. Sukari ilikuwa 24, yaani juu sana. CT-Scan ikaonyesha mshipa umeziba, haukupasuka, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa ndani ya saa nne na nusu, sisi tulishakula karibu saba nyumbani, kwa hiyo hata kuuliza kama ipo hatukuwa na haja. Siku ya tatu nikaiona picha ya kifua chake, pafu la kulia chini peupe, na kwa miaka 31 najua weupe ule unatoka wapi, ni ile chai. Leo yuko hai alhamdulillahi ila mkono hauna kazi, na jina langu hawezi kulitaja, ananiita kwa kunyoosha kidole.

Kijana simlaumu. Kasoma alichoandikiwa. Mngemwambia kwamba kwa wagonjwa waliopigwa PET mwanga huo unaanza kuonekana kama siku ya tatu na kuendelea wiki kadhaa, angejua picha ile haimhusu mtu aliyeanguka asubuhi ile. Saa za mwanzo ni za kukimbia, kila dakika mshipa mkubwa ukiziba zinakufa seli za neva kama milioni 1.9. Mngemwambia pia kwamba mwaka 2001 yalitoka majibu ya dawa inaitwa enlimomab, ya kuzuia askari wa kinga walio kwenye damu wasiingie ubongoni, na waliopewa walikufa wengi zaidi kuliko wasiopewa. Na panya walioondolewa maikroglia kabla ya kuzibwa mshipa jeraha lao lilitoka kubwa zaidi. Askari hao wanadhuru na wanasaidia, inategemea siku na mahali, na ndo maana wataalamu wanahangaika kuwapiga picha. Hiyo ilikuwa habari nzuri kabisa, inapendeza kuliko huo moto.

Halafu chini ya habari hiyo hiyo mkabandika tangazo la mafuta ya kutibu kupooza kwa siku saba, namba ya simu kubwa kuliko jina la mwandishi. Jirani wa dada kashanunua chupa mbili. Mnalipwa, sawa, lakini mtu aliyetoka kuogopeshwa hapo juu mkono wake unateremka moja kwa moja kwenye hiyo namba. Tangazo la namna hiyo lisikae ukurasa wa afya hata lilipiwe mara tatu.

Ninachotaka ni hiki. Mrudishe picha ile ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, mwandike kwamba ni mfupa. Na kila Ijumaa, pembeni ya msimamo wa ligi maana hapo ndo vijana wote wanaangalia, mweke kiboksi kama cha kiberiti: mwambie acheke uone mdomo, anyanyue mikono yote miwili, ataje mtaa wake, tazama saa uiandike, usimpe kitu mdomoni, hospitali sasa hivi. Mkikiweka nitakikata mwenyewe nikibandike vijiwe vyote vya bodaboda kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni, gundi nitanunua mimi.

Na mkiwa na picha ya kitabibu hamjui ni ya nini, nileteeni kabla hamjaichapa. Jumanne na Alhamisi baada ya laasiri nipo nyumbani, siku zingine niko Makorora namfanyisha dada mazoezi ya mkono.

Msomaji wenu, mpiga eksirei mstaafu,
Tanga