Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Majibu ya vipimo yatoke kabatini

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote. Kazi yangu ni kupima maji na hewa. Nilianza kwa kuosha chupa za maabara, na leo ndiye ninayetia saini kwenye majibu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za ndani nimeshaandika za kutosha, na kwa sababu maji na hewa ninavyopima ni vya watu wote.

Naomba kwanza nikueleze sampuli moja ya maji inavyochukuliwa, maana mezani kwako hufika namba peke yake. Unafika bombani, unaupitishia moto mdomo wa bomba ili vijidudu vilivyoganda kwa nje visiingie kwenye chupa. Unayaacha maji yatiririke kidogo. Chupa umeshaitakasa kwa mvuke, na ndani yake kuna tone la dawa ya kuzima klorini. Bila dawa hiyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani, na maabara itasema maji ni salama wakati mnywaji aliyanywa yakiwa na vijidudu. Unafunga, unaandika saa, unaiweka kwenye boksi la barafu. Kuanzia hapo unakimbizana na muda, kwa sababu saa 24 zikipita kabla sampuli haijapimwa, majibu yake hayaaminiki. Maabarani maji yanachujwa, kichujio kinalazwa kwenye sahani ya maabara juu ya chakula cha bakteria, kinalala kwenye joto la nyuzi 44. Kesho yake unahesabu vidoa, kila kidoa ni kundi la bakteria. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauna kona: katika mililita 100 za maji ya kunywa, asipatikane E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, hata mmoja.

Asubuhi moja nilifungua sahani nikakuta vidoa vimejaa hata havihesabiki. Maji yalikuwa ya bomba la shule. Niliandika majibu saa ile ile. Nikaambiwa yasubiri ripoti ya robo mwaka. Ripoti ilipotoka, bomba lile lilikuwa limemezwa ndani ya asilimia chache za "sampuli zisizokidhi viwango", bila jina la shule, bila tarehe. Hakuna mzazi aliyeweza kuisoma asilimia ile akajua kwamba ni mwanawe anayezungumziwa. Sahani ile siisahau.

Mheshimiwa, ombi langu ni hili moja: kila jibu la kipimo kilicholipiwa na fedha za umma litangazwe kama lilivyo, pamoja na mahali, saa na namna kipimo kilivyofanyika, na liwafikie kwanza watu wanaoyanywa maji hayo au kuivuta hewa hiyo.

Linawezekana. Bangladesh ilichimbiwa mamilioni ya visima vya pampu kuanzia miaka ya 1970 ili watu waepukane na maji ya madimbwi yaliyoleta kuhara. Hakuna aliyepima aseniki. Sumu hiyo ilikuwa kwenye tabaka za ardhi zenyewe, haina rangi, haina harufu, haina ladha, na iligunduliwa kwenye visima hivyo mwaka 1993, watu wakiwa wameshainywa kwa miaka. Baadaye karibu visima milioni 5 vilipimwa, na jibu la kila kisima likaandikwa palepale kwenye pampu: rangi nyekundu kwa chenye aseniki inayozidi kiwango cha nchi, kijani kwa kisichozidi. Mama asiyejua kusoma alijua aelekee pampu ipi. Sijawahi kuona ripoti ya maabara iliyoandikwa vizuri kuliko mkebe ule wa rangi.

Namna ya kupima nayo itangazwe, kwa sababu humo ndimo namba hupotoshwa. Nimesema kwamba ukitafuta bakteria unayaacha maji yatiririke kwanza. Ukitafuta madini ya risasi ni kinyume chake: maji yanatakiwa yawe yamelala kwenye bomba saa 6 au zaidi, na unakinga lita ile ya kwanza, kwa sababu risasi inatoka kwenye mabomba ya nyumba yenyewe. Mji wa Flint, Marekani, ulibadilisha chanzo cha maji Aprili 2014 bila kuweka dawa ya kuzuia kutu, na maji yakaanza kuyala mabomba. Wakazi waliopewa chupa za sampuli walielekezwa wafungulie maji yatiririke kwanza, kisha wayaache yalale usiku, na hivyo risasi ikaoshwa kabla ya kupimwa. Katika hesabu za mwaka 2015 sampuli mbili zilizokuwa na risasi nyingi ziliondolewa, na mji ukaonekana uko chini ya mikrogramu 15 kwa lita zilizowekwa na sheria. Ukweli ulitoka nje ya ofisi. Marc Edwards na wenzake wa chuo kikuu cha Virginia Tech waliwagawia wakazi vifaa vya sampuli na kutangaza walichokuta, na daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akaonyesha risasi imepanda katika damu ya watoto. Mimi nina wasiwasi na neno "limefaulu" kila ninapolikuta bila maelezo ya sampuli ilivyokingwa.

Hewa ina mitego yake. Chembechembe za PM2.5, yaani vumbi laini sana linaloelea hewani, ni ndogo mara 30 hivi kuliko unene wa unywele, ndiyo maana zinafika chini kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na cha saa 24 kutoka 25 hadi 15. Lakini kifaa kikikaa juu ya paa la ofisi yenye bustani, kitapima hewa ya bustani. Naomba vikae kando ya barabara na jirani na viwanda, kwenye kimo cha pua ya mtu. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu visidharauliwe, ila vikae kwanza miezi kadhaa ubavuni mwa kifaa cha uhakika vilinganishwe, maana siku za unyevu chembe hunywa maji zikavimba na kifaa kikasoma vumbi ambalo halipo.

Majengo ndiyo yaliyosahaulika kabisa. Gesi ya radoni hupanda kutoka ardhini ikanaswa ndani ya vyumba, na baada ya sigara ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya mapafu. Kuipima kunahitaji kidude kidogo kikae chumbani miezi 3 hivi. Nyuzi za asbesto kutoka kwenye paa lililochakaa huleta saratani miaka 20, 30, hata 40 baada ya mtu kuzivuta. Huko tukisubiri wagonjwa ndipo tupime, tutakuwa tunapima ajali iliyokwisha kutokea.

Najua kuna hoja kwamba namba ghafi zitazua taharuki. Nimeshakaa na wanakijiji na majibu mabaya mkononi. Waliuliza maswali mawili: tuchemshe au tusichemshe, na bomba litatengenezwa lini? Hiyo si taharuki.

Mheshimiwa, hatuhitaji kusubiri mitambo mipya. Anza na yaliyomo makabatini sasa hivi. Amuru kila maabara iliyo chini yako itoe vitabu vyake vya miaka 5 iliyopita, sahani kwa sahani, bomba kwa bomba, na majibu yabandikwe kwenye mlango wa kila shule na kila zahanati ambako sampuli ilichukuliwa. Kubandika naweza kuanza mimi mwenyewe, ukiniruhusu kwa maandishi.

Wako katika utumishi,
Mpimaji wa maji na hewa