Macho mekundu: tuiangalie na chupa ya dawa

Mhariri,

Tangu wimbi la macho mekundu la Januari 2024, jicho likiwasha tu watu hukimbilia duka la dawa, na chupa moja ya matone huzunguka nyumba nzima. Hapo ndipo ugonjwa wa wiki moja unapogeuka wa mwezi.

Wimbi lile lilikuwa la virusi, na antibayotiki haiui virusi. Jicho hutoa machozi, huchoma, huzidi siku ya 3 hadi ya 5, kisha hupoa lenyewe ndani ya wiki 1 au 2. Kitambaa safi chenye maji baridi kinatosha, kila mtu na chake. Matongotongo mazito ya njano yanayogandisha kope asubuhi ni dalili ya bakteria. Hapo antibayotiki ya kloramfenikoli ya 0.5% ina kazi: tone 1 kila saa 2 kwa siku 2, mgonjwa akiwa hajalala, kisha kila saa 4 hadi siku ya 5. Tone la pili kwa mara hiyohiyo ni hasara, litaishia shavuni.

Lakini matone yenyewe nayo huleta balaa. Jicho lililokuwa linapona likaanza upya kuwasha, kope zikavimba, ngozi ikababuka pale dawa inapotiririkia, mara nyingi huo ni mzio wa dawa, hasa antibayotiki ya neomaisini au kihifadhi (kinachozuia dawa isiharibike) kilichomo kwenye chupa. Wengi hudhani ugonjwa umezidi, wakaongeza matone! Acha dawa hiyo, rudi kwa aliyekupa. (Kuchoma kwa sekunde chache baada ya kutia si mzio.)

Hatari zaidi ni matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Soma boksi: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni. Huondoa wekundu upesi, ndiyo maana yanapendwa. Kama kuna kidonda cha virusi vya herpesi kwenye kioo cha jicho, hukipanua. Yakitumika kwa wiki nyingi hupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho.

Wauza dawa, kabla ya kutoa chupa ulizeni: jicho linauma, siyo kuwasha tu? Anaona ukungu? Mwanga unamuumiza? Anavaa lenzi? Jibu moja la ndiyo, mpelekeni kliniki ya macho siku hiyohiyo. Kichanga chini ya siku 28 mwenye usaha machoni ni wa hospitali, asiuziwe kitu dukani.

Mhudumu wa afya ya macho,
Morogoro