Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Teleka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenda ndege,

Mwaka huu kazi yetu kubwa haikuwa msituni wala ufukweni. Ilikuwa chini ya mapenu ya maghorofa hapa Dar es Salaam, kwa teleka, wale ndege weusi wenye kiuno cheupe ambao wengi huwaita mbayuwayu. Mbayuwayu hujenga kwa tope na hutua kwenye nyaya za umeme. Teleka hatui waya hata siku moja; miguu yake ni mifupi, ya kung'ang'ania ukuta tu. Asili yao ni majabali na mapango. Tulipojenga kuta ndefu za zege, wakahamia kwetu.

Mwezi Machi tulipata pigo. Mafundi rangi walipanda jukwaa kwenye jengo moja la ghorofa nne, wakakwangua viota vyote asubuhi moja. Tulikuta makinda yametapakaa kwenye sakafu ya uani. Niliokota kiota kimoja: manyoya ya kuku, nyasi kavu na kipande cha uzi, vyote vimeshikanishwa kwa mate ya ndege mwenyewe, yamekauka kama gundi. Teleka haokoti kitu ardhini. Kila unyoya ule aliunasa ukipepea hewani.

Mwenye jengo aliumia alipoelezwa. Sisi tulijua viota viko pale tangu mwaka juzi na hatukuwahi kumbishia hodi. Lawama hiyo naibeba mimi.

Tangu siku hiyo tunatangulia kwenda kwa wenye majengo kabla mafundi hawajapanda. Wenye majengo wawili walikubali kusubiri, ingawa kinda huchukua zaidi ya mwezi mmoja tangu kuanguliwa hadi kuruka. Mmoja wao sasa hukaa roshani kila magharibi akiwatazama wanavyozunguka kwa makundi na kupiga kelele kabla ya kuingia kulala.

Hofu yangu ni majengo ya vioo, yasiyo na upenu. Mji wa Brighton, Uingereza, unataka majengo mapya yenye kimo cha zaidi ya mita tano yawekewe matofali yenye tundu kwa ajili ya teleka wa kule. Wetu hawahitaji tundu. Upenu mpana wa zege unawatosha. Kamati imeanza kuzungumza na wasanifu majengo, na napenda mazungumzo hayo yaendelee hata uongozi ukibadilika.

Naomba kila mwanachama alete kwa katibu jina la jengo lenye viota mtaani kwake kabla ya mwisho wa mwezi, ili barua zetu ziwatangulie mafundi. Hesabu za fedha atazisoma mhazini.